"Majibu yako yatakuwa siri": siri hiyo huwa inawekwa wapi?

Mdodosaji anafika mlangoni akiwa na mjumbe wa mtaa, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Anakusomea maelezo marefu, na kabla hujauliza kama kuna posho ameshafika kwenye sentensi ambayo kila aliyewahi kuhojiwa kwenye utafiti wa afya anaijua: "Majibu yako yatakuwa siri." Unaweka sahihi. Anakuuliza umri, umejifungua mara ngapi, kama umewahi kupima VVU, kama mwenzako amewahi kukupiga. Anakupima presha: 150 kwa 95. Nusu saa baadaye ameaga, na majibu yako ameondoka nayo.

Yamekwenda wapi?

Swali hili lilipata moto Desemba 2025, baada ya Kenya kutia saini makubaliano ya afya na Marekani, kisha Mahakama Kuu mjini Nairobi ikasimamisha kwa muda sehemu inayohusu kuhamisha data za afya za wananchi. Vijiweni na mitandaoni watu waligawanyika: kuna walioona tunauzwa, na kuna walioona hakuna neno, si majina yatafutwa? Kesi ile ilihusu data za huduma, zile zinazoandikwa ukienda hospitali. Data za utafiti wa chuo kikuu zina njia yake, ndefu na yenye vituo vingi. Tuifuate kwa kutumia mtu mmoja, yule mama wa 150 kwa 95, ambaye tangu dakika alipoweka sahihi chuo hakimwiti tena kwa jina. Kinamwita 0417.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana mengi yanachanganywa. "150 kwa 95" ni data: kipimo kibichi, kimoja, cha mtu mmoja. Tukisema wangapi kati ya akina mama wa kata fulani wana presha ya juu, hiyo ni takwimu, na humo 0417 ameshayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Taarifa binafsi ni data yoyote inayoweza kumfikisha mtu kwako: jina, namba ya simu, namba ya NIDA, picha, alama za vidole, hata nyumba yako ilipo kwenye ramani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Kenya ilitangulia na sheria ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka taarifa za afya na za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo haziguswi kiholela. Hazipigi marufuku utafiti, kama baadhi ya watafiti wanavyolalamika kwenye chai. Zinadai utafiti ujieleze: unachukua nini, kwa ajili gani, utakaa nacho muda gani.

Halafu kuna kutunza na kuna kulinda. Watu huyatumia kama neno moja, na vyuo vyenyewe mara nyingine huyabebesha mtu mmoja wa kompyuta halafu vikalala usingizi. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ataelewa haraka. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Huko ni kulinda. Kuna pia daftari la hisa: nani kaweka, kaweka lini, anadaiwa kiasi gani. Huko ni kutunza. Daftari likiharibika, kufuli tatu zitakuwa zinalinda fedha isiyojulikana ni ya nani. Kufuli zikikosekana, daftari litakueleza kwa usahihi kabisa ni kiasi gani kimeibwa.

Tuanze na daftari, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Hofu ya umma iko kwa wadukuzi, lakini data nyingi za utafiti hufa kifo cha kawaida tu, kitandani, bila adui yeyote. Mtafiti anaandika 1 kwa "ndiyo" na 2 kwa "hapana". Mwenzake kwenye kituo kingine anaandika 0 kwa "hapana". Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wa uzamili anafungua faili lililoitwa "presha_mwisho_mwisho2_sahihi" na kukuta safu imeandikwa "q17b", imejaa 0, 1, 2 na 99. Je, 99 ni "hajui", "alikataa kujibu", au ni bibi wa miaka 99? Aliyejua alimaliza mkataba, akahamia Dodoma, na simu yake haipatikani. Ndiyo maana mradi makini huwa na kamusi ya data: jedwali linaloeleza kila safu inaitwaje, inapima nini, kwa kizio gani, na kila namba ina maana gani. Ni kazi inayochosha, haina sifa, hakuna anayepandishwa cheo kwa kuifanya. Bila hiyo, nusu saa ya 0417 kukaa kwenye kigoda akijibu maswali imepotea.

Na zana yenyewe ina kiburi chake. Kuna jeni, yaani vipande vya vinasaba, zilizokuwa zikiandikwa kwa kifupi SEPT2 au MARCH1. Excel ikiona hivyo inadhani ni tarehe, inageuza kuwa Septemba 2 au Machi 1 bila kukuuliza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu moja kati ya makala tano za jenetiki zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel ina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni waliona heri wabadilishe majina ya jeni kuliko kusubiri kompyuta ibadilike.

Mwaka huohuo, Uingereza, kosa kama hilo liligusa maisha ya watu. Matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao jedwali lake linaishia mstari wa 65,536. Mistari ilipojaa, iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Wagonjwa 15,841, wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na waliokutana nao hawakutafutwa mapema. Hakukuwa na mdukuzi wala mwizi. Karatasi ilijaa na hakuna aliyegeuza ukurasa.

Kwa sababu hiyo miradi mingi ya vyuo vya afya hutumia programu zilizotengenezwa kwa kazi hii. Mojawapo ni REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004. Ukijaribu kuingiza presha ya 1500, itakukatalia au kukuonya. Muhimu zaidi, inaandika nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kwenye Excel, mtu anaweza kugeuza 150 kuwa 105 na asubuhi yake hakuna anayejua kilichotokea. Kwenye mfumo wenye kumbukumbu, mkono uliogusa unabaki umeandikwa.

Kisha nakala za akiba. Kanuni ya mafundi ni fupi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ukiwa na nakala kwenye kompyuta mpakato na flashi, na vyote viko kwenye begi moja ndani ya daladala moja, una nakala moja tu. Na nakala isiyojaribiwa kufunguliwa ni matumaini. Desemba 2021, kwenye kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kuhifadhi nakala ilikosewa wakati wa kuboreshwa ikaanza kufuta badala ya kutunza. Mafaili yapatayo milioni 34 yalifutika, na kati ya vikundi 14 vya utafiti vilivyoguswa, vinne havikuwa na namna ya kurudishiwa kazi yao. Kama Kyoto inaweza kuteleza, tusimcheke mwanafunzi wa Mwanza aliyemwaga chai kwenye mpakato wenye tasnifu nzima.

Sasa kufuli.

Imani iliyoenea kuliko zote, na niliyoisikia hata kwa watu wenye shahada tatu, ni hii: tukifuta jina, mtu haonekani. Miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa data za matibabu za watumishi wa umma kwa watafiti, majina yakiwa yameondolewa. Gavana William Weld aliwahakikishia wananchi kwamba faragha yao iko salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Alijua Weld anaishi hapo. Watu sita kwenye daftari walizaliwa siku moja na gavana. Watatu kati yao wanaume. Mmoja tu aliishi kwenye eneo lake la posta. Rekodi za matibabu za gavana zikawa mezani. Baadaye Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta.

Huku kwetu hatuhitaji hata daftari la wapiga kura. Andika: "mwanamke, miaka 52, mjane, mwalimu mkuu, kata fulani, anatumia dawa." Kata ina shule mbili na moja inaongozwa na mwanamume. Kijiji kizima kimeshamaliza kusoma faili. Vijijini, ugonjwa adimu, mapacha watatu, au kazi ya kipekee ni jina tosha. Ndiyo maana kazi ya kuficha utambulisho inagusa zaidi ya jina: tarehe ya kuzaliwa inageuzwa kuwa kundi la umri, kijiji kinakuwa wilaya, "mwalimu mkuu" anakuwa "mtumishi wa umma", na kipimo cha ramani kinasogezwa kidogo kwa makusudi. Kila unachokificha unaipunguzia data uzito kidogo. Ukificha kila kitu hujabaki na utafiti. Mvutano huo hauna jibu la moja kwa moja, na anayekwambia analo anakuuzia programu.

Kuna tofauti hapa ambayo fomu nyingi za ridhaa huipitia juujuu. Data ya siri ni ile ambayo mtafiti anaweza kujua ni yako, ila ameahidi kutosema. Data isiyo na utambulisho ni ile ambayo hata yeye hawezi tena kujua. 0417 yuko katikati. Majibu yake yako kwenye faili moja chini ya namba. Jina na simu yake viko kwenye faili jingine, orodha inayounganisha namba na watu. Orodha hiyo ndiyo ufunguo wa sanduku, na sheria ya vikundi vyetu inafaa hapahapa: mwenye sanduku asiwe mwenye ufunguo. Anayechambua majibu hahitaji kuona orodha. Anayepiga simu kukumbusha tarehe ya kliniki hahitaji kuona majibu. Ukikuta vyote viwili kwenye kabrasha moja kwenye meza moja, hata kama chumba kina kitasa, hapo hapana ulinzi.

Kusimba mafaili, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, nako kunasikika kugumu kuliko kulivyo. Watoto wa pwani walikuwa na kinyume: silabi ya mwisho inaruka mbele, "nyumba" inakuwa "mbanyu", "siri" inakuwa "risi". Ukijua kanuni unaelewa, usipoijua unasikia kelele. Kusimba kwa kompyuta ni kinyume kilichotiwa hesabu nzito, na ambacho hata ukijua kanuni huwezi kukifungua bila ufunguo. Mpakato uliosimbwa ukiibwa Ubungo, mwizi amepata mpakato. Usiosimbwa, amepata mpakato na wagonjwa mia nane.

Hapo wengi husema: basi tutumie WhatsApp, si imesimbwa? Imesimbwa njiani, kweli. Ikifika inafunguka. Picha ya fomu ukiitupa kwenye kundi la wadodosaji kumi inakaa kwenye simu kumi, ndani ya ghala la picha, karibu na picha za harusi, na simu mojawapo huwa inachezewa na watoto jioni. Kwa maoni yangu uvujaji mwingi chuoni unafanana na huu kuliko na filamu za wadukuzi: nywila ya idara nzima iliyobandikwa ukutani, barua pepe iliyotumwa kwa "wote" badala ya mmoja, flashi iliyopelekwa steshenari kuchapa ripoti, kompyuta ya mradi iliyogawiwa ofisi nyingine bila kusafishwa. Hata madhara makubwa huanzia kwenye uzembe wa kawaida. Kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo, Finland, iliacha hifadhidata yake ikifikika kwenye intaneti bila ulinzi wa maana. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba taarifa za wagonjwa wapatao 33,000 zimechukuliwa. Mhalifu aliidai kampuni fedha, kisha akawageukia wagonjwa, mmoja mmoja kwa barua pepe: lipa, au uliyomwambia mtaalamu wako yatasomwa na kila mtu. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita, lakini maneno yaliyokwisha kutoka hayafungwi.

Na data kwenda nje? Tanzania, utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, ndiyo inayotoa kibali cha maadili cha kitaifa; Zanzibar ina chombo chake. Data au sampuli zikitaka kuvuka mpaka, hudaiwa mkataba wa uhamishaji: nani anapokea, atazifanyia nini, haruhusiwi kuzifanyia nini. Data iliyovuka na mkataba haijaibwa. Iliyobaki nyumbani bila utaratibu haijalindwa kwa sababu tu haijapanda ndege. Tunachopaswa kuuliza ni kama iliyotumika ndiyo ile iliyoombwa. Watu wa Havasupai, wanaoishi kwenye bonde la Grand Canyon huko Arizona, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Baadaye waligundua kuwa damu yao ilitumika pia kuchunguza skizofrenia, ambao ni ugonjwa wa akili, na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo wasingeyakubali. Mwaka 2010 bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona ilikubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Hakuna aliyedukua chochote. Ridhaa ya jambo moja ilinyooshwa ikafunika mengine.

Lakini kujifungia nako kuna hatari yake. Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu hydroxychloroquine, dawa iliyokuwa ikijaribiwa dhidi ya UVIKO-19, ukidai kuwa na data za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 duniani. Majaribio ya dawa hiyo yakasitishwa kwa muda sehemu mbalimbali. Watafiti wengine walipoomba kuziona data, kampuni ya Surgisphere iliyosema inazo ikakataa kuzitoa kwa ukaguzi, na ndani ya wiki mbili makala ikaondolewa. Walioshtuka mapema ni pamoja na waliotazama namba zilizodaiwa kutoka Afrika na kujua kwamba hospitali zetu hazikuwa na rekodi za kielektroniki za kiwango hicho. Usiri ulikuwa kichaka. Hivyo wafadhili na majarida wanapodai data zishirikishwe, hawamaanishi kwamba faili la 0417 litundikwe kwenye ubao wa matangazo. Maana yake mara nyingi ni kwamba maelezo ya data yawe wazi, na anayezitaka aombe, aeleze kazi yake, apimwe na kamati, apewe safu anazohitaji tu.

Kwa hiyo mdodosaji akija tena, una haki ya kumsimamisha kwenye sentensi ile. Muulize jina langu litakaa wapi na majibu wapi. Nani ataona vyote viwili. Mtatumia kwa jambo hili tu au na mengine ya baadaye. Vitakwenda nje. Vitafutwa lini. Namba ya kamati ya maadili iko wapi kwenye karatasi hii, na nakala yangu iko wapi. Aliyefunzwa vizuri hatakasirika. Asiyejua majibu anatakiwa kupiga simu kwa bosi wake, na wewe una muda, maharage bado hayajaiva.

Muulize pia kuhusu kujitoa, kwa sababu hapo ndipo ahadi na hali halisi huachana. Fomu husema unaweza kujitoa wakati wowote, nawe unaelewa kwamba kila kitu kitafutwa. Kujitoa leo kunawezekana: wanatafuta jina kwenye orodha, wanakuta 0417, wanaondoa mstari wake. Lakini itifaki ya mradi, yaani mpango wake ulioandikwa, ina tarehe ambayo orodha ya majina itateketezwa, na hilo ni jambo jema kwako, kwa kuwa baada ya siku hiyo hata mwenye nia mbaya ndani ya chuo hana pa kuanzia. Siku hiyohiyo ndiyo mlango wa kujitoa unapofungwa. Ukienda ofisini mwezi unaofuata na kusema "nitoeni", watatazamana. Kwenye jedwali yuko mwanamke wa kati ya miaka 30 na 39, wa wilaya ile, presha 150 kwa 95. Ni wewe, na hakuna hata mmoja mle ndani anayeweza kuthibitisha.